Mvua Ikianza Njombe, Jedwali Lako Liko Tayari?

Mkoani Njombe mvua za msimu huanza Novemba, na zikishaanza hakuna anayengoja. Mahindi yanatakiwa kuwahi ardhini, na mbolea ya kupandia iende nayo. Ndani ya siku chache maduka ya pembejeo ya Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, hupokea wateja ambao mwezi mzima uliotangulia hawakuonekana. Na tangu Serikali izindue mpango wa mbolea ya ruzuku jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, mkulima haendi na fedha peke yake. Anakwenda pia na namba yake ya usajili, na wakala huihakiki kwenye mfumo kabla mfuko haujatoka dukani. Mvua ikinyesha leo usiku, kesho asubuhi kuna hifadhidata mahali inayopata kazi ya wiki nzima kwa mpigo.

Leo nataka tuangalie kinachotokea ndani ya hifadhidata ya namna hiyo ikiwa imewekwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi za kampuni kubwa. Nitatumia DynamoDB ya Amazon, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, kwa sababu hesabu zake ziko wazi na vijana wengi wanaotengeneza programu hapa nchini wanaifahamu. Msambazaji nitakayemtumia ni wa kufikirika: ana maduka Makambako, Njombe mjini, Wanging'ombe na Ludewa, na kila mauzo yanaandikwa kwenye jedwali moja.

Jedwali hilo hupewa uwezo kwa uniti, kama umeme wa LUKU, ila uniti hizi hazitunziki kwa muda mrefu. Uniti moja ya kuandika hukuruhusu kuandika rekodi moja isiyozidi kilobaiti 1 kwa sekunde. Uniti moja ya kusoma hukupa rekodi moja isiyozidi kilobaiti 4 kwa sekunde. Ukitenga uniti 10 za kuandika unalipia 10 kila saa, uzitumie usizitumie. Maombi yakizidi hapo, yanayozidi yanakataliwa. Wakala haoni kukataliwa huko. Anaona kiduara kinazunguka kwenye simu, kisha anamwambia mteja, "Mama, subiri kidogo, mtandao unasumbua." Mara nyingi mtandao hauna kosa lolote.

Kuanzia Juni 2017 jedwali linaweza kujirekebisha lenyewe. Unaweka kima cha chini, ukomo wa juu na lengo la matumizi, ambalo kwa kawaida ni asilimia 70. Matumizi yakivuka lengo kwa dakika 2 mfululizo, uwezo unaongezwa. Yakishuka vya kutosha kwa dakika 15 mfululizo, unapunguzwa. Watu wengi huwasha kirekebishi hiki, wakaridhika kuwa kazi imekwisha. Tufuate asubuhi moja tuone.

Kima cha chini ni uniti 10. Saa moja asubuhi maduka yanaandika rekodi 2 kwa sekunde, hivyo uniti 8 hazitumiki. DynamoDB hukuwekea akiba ya uwezo usiotumika, ya hadi sekunde 300: uniti 8 mara sekunde 300 ni 2,400. Saa mbili milango yote inafunguliwa na maombi yanaruka hadi 60 kwa sekunde. Jedwali linatoa 10, pengo ni 50, na akiba ya 2,400 inaliwa yote kwa sekunde 48. Baada ya hapo, kati ya maombi 60, 50 yanarudishwa. Kengele ya kuongeza uwezo bado haijalia, kwa kuwa dakika mbili hazijatimia. Hata ikilia, taarifa za vipimo huchelewa kidogo kufika, na jedwali lenyewe huhitaji muda kubadilishwa.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalioni. Kirekebishi hupima uwezo uliotumika, na ombi lililokataliwa halihesabiwi humo. Akiba ikishakwisha, jedwali la uniti 10 haliwezi kuonyesha matumizi zaidi ya 10, hata kama nje kuna foleni ya 60. Ukigawa 10 kwa asilimia 70 unapata 14 na ushei, yaani uniti 15. Kwa hiyo uwezo unaweza kupanda kwa ngazi, 15, kisha 22, kisha 32, na kila ngazi ina dakika zake, wakati kinachohitajika ili kubeba 60 kwa utulivu ni kama 86. Wakati huo mkulima aliyetoka kijijini alfajiri amesimama kaunta, na wakala amebonyeza kitufe mara ya tatu. Ndiyo maana kila mauzo yanapaswa kuwa na namba yake ya pekee, na maandishi yawekewe sharti la kukataa namba iliyokwisha kuandikwa. La sivyo mfuko mmoja utaonekana umeuzwa mara tatu.

Kirekebishi hakina kosa. Kimeundwa kufuata mzigo, hakijui kuwa usiku uliopita mvua imenyesha. Wewe unajua. Kalenda ya kilimo ya Njombe si siri, na hapo ndipo binadamu anapotakiwa kufanya sehemu yake: kupanga ratiba. Kuanzia katikati ya Novemba, Jumatatu hadi Jumamosi, panga kima cha chini kipande hadi 90 saa moja asubuhi na kirudi 10 saa moja usiku. Kirekebishi kitaendelea kushughulikia yale ambayo hukuyatarajia juu ya hapo. Angalia saa kwa makini, kwani usipotaja ukanda wa saa, ratiba inasomwa kwa saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Anayeandika 07:00 akidhani ni asubuhi ya Makambako ataongezewa uwezo saa nne, foleni ikiwa imeshafika barabarani.

Gharama yake ni ndogo kuliko hofu tuliyo nayo. Kwa bei ya kituo cha Virginia, Marekani, ninayoifahamu, uniti moja ya kuandika ni dola 0.00065 kwa saa. Uniti 90 kwa saa 12 ni kama senti 70 za dola kwa siku. Cape Town, ambako Amazon walifungua vituo mwaka 2020, bei iko juu zaidi, lakini si kiasi cha kumfilisi msambazaji wa mbolea.

Kinachopoteza fedha ni kusahau kushusha. Duka likifungwa jioni na maandishi yakakoma kabisa, matumizi yanakuwa sifuri, na matumizi yakiwa sifuri kirekebishi hakipunguzi uwezo. Jedwali lililopanda hadi 86 mchana linaweza kulala na 86 hadi asubuhi, na Jumapili nzima. Dawa yake ni ratiba ileile: usiku shusha pia ukomo wa juu ulingane na kima cha chini. Kumbuka vilevile kuwa faharasa ya jedwali, ile inayokuwezesha kutafuta mauzo kwa wilaya au kwa wakala, ina uniti zake. Ukiisahau ikabaki na uwezo mdogo, hata maandishi ya jedwali kuu yatakataliwa.

Ipo njia nyingine iliyokuja Novemba 2018: kulipia kila ombi bila kutenga kitu. Bei ilishushwa kwa nusu Novemba 2024, na kwa Virginia maandishi milioni 1 yakawa dola 0.625. Uniti moja iliyotumika kikamilifu kwa saa nzima huandika rekodi 3,600. Rekodi hizohizo kwa njia ya kulipia kila ombi zinagharimu dola 0.00225. Kwa hiyo ukiwa unatumia chini ya asilimia 29 hivi ya uwezo uliotenga, unapoteza fedha kwa kutenga. Msambazaji wetu mwenye miezi mitatu ya pilika na miezi tisa ya ukimya yuko hapo hasa. Ushauri wangu kwake ni alipie kila ombi na aachane na kirekebishi. Kutenga uwezo na kuurekebisha kunamfaa mwenye mzigo mkubwa unaokwenda mwaka mzima, mchana na usiku.

Hakuna mpangilio wa jedwali utakaosaidia njia yenyewe ikikatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima iliguswa. Programu nzuri ya wakala huhifadhi mauzo kwenye simu hadi mtandao urudi, lakini ukirudi, simu zote husukuma kwa pamoja na kuleta wimbi kubwa kuliko la asubuhi ya mvua. Zipewe maelekezo ya kungoja, kila moja muda wake wa kubahatisha, ndipo zitume.

Na kwa kuwa namba za wakulima na simu zao ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Yasome kabla ya kuchagua kituo.

Kama una mfumo unaohudumia maduka ya Makambako au Njombe, naomba usingoje Novemba. Fungua mipangilio ya jedwali lako Oktoba, likague pamoja na faharasa zake, kisha lijaribu kwa maombi 60 kwa sekunde wakati mashamba bado makavu.