SHILINGI TANO ZA MAMA

Makarani wawili huketi katika afisi moja, hufanya kazi moja, na mwisho wa mwezi hupokea mshahara mmoja. Wa kwanza hajaoa. Wa pili ana mke na watoto wanne. Je, watu hawa wako sawa? Katika daftari la mishahara wako sawa, lakini penye chungu cha chakula hawalingani hata kidogo.

Jambo hili ndilo lililomsumbua Bibi Eleanor Rathbone wa Uingereza, ambaye mwaka 1924 alitoa kitabu kueleza kwamba mshahara hulipa kazi, wala hauhesabu vinywa vinavyongoja nyumbani. Kabla yake, mwaka 1899, Bwana Seebohm Rowntree alichunguza maisha ya wafanyakazi wa mji wa York. Aliona kwamba mtu yule yule aliyekuwa na nafasi katika ujana wake huzama katika umaskini watoto wake wanapokuwa wadogo, mpaka wakue na kuanza kuchuma. Basi shida ilizidi wakati ule ule mwili wa mtoto unapokijenga kimo chake.

Bibi Rathbone aliingia Bungeni mwaka 1929, wala hakuchoka kulidai jambo hilo. Mwaka 1945 sheria ilipitishwa, na tangu Agosti 1946 wazazi walipewa shilingi 5 kila juma kwa kila mtoto, ila yule wa kwanza. Nyumba ya watoto wanne ilipata shilingi 15. Fedha hizo zilitoka katika kodi za watu wote, nazo zilipokewa posta.

Lakini kabla ya hapo palitokea mabishano makubwa: fedha ni za nani? Serikali ilikuwa imeandika kwamba ni za baba. Bibi Rathbone alikataa, akasema ataipinga sheria ile ile aliyoipigania miaka mingi. Hoja yake ilikuwa kwamba mama ndiye anunuaye maziwa na viatu vya mtoto. Wabunge walimkubali, fedha zikawa mali ya mama. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1946, kabla shilingi ya kwanza haijalipwa.

Shilingi 5 hazikutosha. Bwana William Beveridge alikuwa ameshauri shilingi 8 mwaka 1942. Serikali ilijibu kwamba upungufu utajazwa kwa chakula na maziwa shuleni.

Katika Kenya, mwaka 2004 Serikali ilianza kwa majaribio kuwapa fedha watu waleao yatima na watoto wenye shida. Baadaye kiasi kikawa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wachunguzi waliozitembelea nyumba hizo walikuta kwamba fedha hazikupotea ovyo: chakula kiliongezeka, na vijana wengi zaidi waliingia shule za sekondari.

Hata hivyo kuna tofauti moja ya kufikiriwa. Uingereza ilihesabu watoto. Kenya ilihesabu nyumba. Bibi mzee aleaye wajukuu sita alipata sawasawa na yule aleaye mmoja. Hapo lile swali la makarani wawili limerudi kwa mlango mwingine, na kila apangaye msaada wa watoto hana budi kulijibu kwanza.