Maneno ya Kuingia Kanisani: Kusoma, Kubatizwa, Kuokoka, Kupokelewa

Kiswahili kina kitenzi kimoja kimtoshacho mtu anayeingia katika Uislamu: husemwa kwamba amesilimu. Kitenzi hicho kilitoka katika Kiarabu pamoja na dini yenyewe, na kina mwenzake kinachotaja kinyume chake, yaani kuritadi. Asikiaye kwamba fulani amesilimu hana haja ya kuuliza tena amefika wapi katika safari yake. Ametamka shahada, naye amekwisha kuingia.

Mambo si hivyo kwa mtu anayeingia katika Ukristo. Hapana kitenzi kimoja kinachokubaliwa na madhehebu yote. Wengine husema ameongoka, wengine amebatizwa, wengine ameokoka, wengine amejiunga, na wengine amepokelewa. Kamusi huelekea kuyaeleza maneno haya kana kwamba ni mamoja, au kwamba moja laweza kusimama mahali pa jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kila neno lataja mlango wake, na kila dhehebu lina mlango ambao ndio huuhesabu kuwa mlango wa kweli. Aidha, umbo la kitenzi lenyewe mara nyingi ladokeza ni nani anayetenda kazi mlangoni: mtu mwenyewe, Kanisa, au Mungu.

Neno la kwanza katika historia ya misheni za Afrika Mashariki lilikuwa kusoma. Huko Buganda, walikofika wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877 na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, wafuasi wa dini mpya waliitwa wasomaji, kwa maana dini na kitabu viliingia kwa mlango mmoja. Kusoma hakukuwa kujua herufi tu; kulikuwa kukaa chini ya mafundisho, kuonekana na wenzako ukikaa hapo, na kuanza kuacha baadhi ya mambo ya zamani. Hata leo, katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, mzee akisema kwamba mtoto wake anasoma ubatizo au anasoma kipaimara, msikiaji haelewi vibaya.

Kusoma huko kulikuwa na kipimo. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kutimiza miaka minne ya matayarisho: miaka miwili akiwa mwombaji, na mingine miwili akiwa mkatekumeni. Kanuni hiyo haikufuatwa sawasawa kila mahali, lakini nia yake ilikuwa wazi. Lavigerie aliutazama mfano wa Kanisa la karne za kwanza, ambalo nalo lilikuwa na desturi ya kuwaweka wanafunzi wake miaka mitatu. Haja haikuwa kumjaza mtu maneno ya katekisimu. Ilikuwa kuona kama maisha yake yatabadilika, na kama ataweza kustahimili watu wa nyumbani kwake watakapomgeukia.

Hapa yapo mambo ambayo kamusi haiwezi kuyaonyesha. Mwezi wa Mei mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowahukumu vijana wa ikulu yake, baadhi yao walikuwa bado hawajabatizwa. Usiku ule huko Munyonyo, Charles Lwanga, ambaye hakuwa padre, aliwabatiza baadhi ya wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, miongoni mwao kijana Kizito. Mwingine, Mukasa Kiriwawanvu, alikufa huko Namugongo akiwa mkatekumeni. Hata hivyo Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964, yeye naye alihesabiwa, kwa kuwa Kanisa Katoliki hufundisha kwamba afaye kwa ajili ya Kristo amebatizwa kwa damu yake. Msomaji wa jana, asiyekuwa na jina la ubatizo, aliingia pamoja na wenzake.

Neno la pili ni kubatizwa. Hili liko katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo haikutokea kwa bahati. Mtu hajibatizi mwenyewe. Lazima awepo wa kumbatiza, na yule ambatizaye hutenda kwa niaba ya Kanisa. Kwa Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian, hapa ndipo mtu anapoingia, hata akiwa mtoto mchanga asiyejua lolote. Kwa mtu mzima yako masharti. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinataka kwamba mtu mzima awe ameonyesha nia yake ya kubatizwa, awe amefundishwa kweli za imani na wajibu wa Mkristo, awe amejaribiwa katika maisha ya Kikristo kwa njia ya ukatekumeni, na ahimizwe kuzijutia dhambi zake. Utaratibu wa mwaka 1972, uliofuata agizo la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la kuurudisha ukatekumeni wa hatua kwa hatua, unamwongoza mtu huyo hadi usiku wa Pasaka, ambapo hupewa ubatizo, kipaimara na ekaristi kwa mfululizo.

Pamoja na maji huja jina. Katika misheni ya Waanglikana wa Unguja, iliyoanza kisiwani mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, watu waliokombolewa utumwani walijulikana kwa jina la ubatizo lililotangulia jina la zamani: John Swedi, Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890. Majina hayo mawili yakisimama pamoja hueleza vizuri kuliko maelezo marefu kwamba ubatizo haukumfuta mtu wa kwanza, bali ulimweka mwingine mbele yake.

Neno la tatu ni kipaimara. Kwa muundo wake ni neno la Kiswahili safi, yaani kitu kimpacho mtu kuwa imara, nalo limekubaliwa na Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri vilevile. Lakini neno likiwa moja, mlango si mmoja. Kwa Mkatoliki ni sakramenti. Kwa Mlutheri ni kuithibitisha imani baada ya mafundisho. Kwa Mwanglikana wa zamani lilikuwa ni kuwekewa mikono na askofu, na pasipo mikono hiyo mtu hakuwa na ruhusa ya kawaida ya kukaribia meza ya Bwana. Mwezi wa Juni mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, nchini Kenya, wakashauriana juu ya kuungana kwa namna fulani, ili Mkristo anayehama kutoka eneo la misheni moja kwenda jingine asihesabiwe mgeni. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu, na wakapokea hata watu wasiowahi kuwekewa mikono na askofu. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa kosa la uzushi. Ugomvi huo ulivuka bahari na kufika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Swali lililokuwa chini yake lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, aliyeingia kwa mlango wa jirani ameingia?

Swali gumu kuliko hilo lilimkabili mtu ambaye hakuzuiwa na imani yake bali na nyumba yake. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali akubaliwe kuwa mwanafunzi na kubaki katika mafundisho mpaka hapo atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa Kanisa la mahali. Kwa lugha ya makala haya, mume alibaki katika kusoma, asivuke kufika kubatizwa. Kama angetaka kuvuka, ilimpasa kuwaacha wanawake ambao hawakuwa na kosa, pamoja na watoto wao. Hivyo toba ya mmoja iliweza kuwa ukiwa wa wengine. Ilichukua miaka 100 kamili kabla mkutano huo huo haujageuza shauri. Mwaka 1988 ulikubali kwamba mtu wa namna hiyo aweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, asilazimishwe kuwaacha, mradi aahidi kutooa tena na jumuiya ya Wakristo wa mahali pake iwe radhi.

Neno la nne, kuokoka, lina tabia nyingine. Liko katika kauli ya kutendeka, kama kuongoka. Halimtaji mtenda bali hali iliyopatikana. Lilipata nguvu mpya kwa uamsho uliotokea Gahini, nchini Rwanda, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na iliyofuata. Watu wa uamsho walikuwa wengi wao wamebatizwa zamani na kupata kipaimara. Walichokidai ni kwamba hayo yote yaweza kutimizwa na mtu akabaki nje. Kwao mlango ulikuwa kuungama dhambi hadharani, kurudisha kilichoibwa, kupatana na adui, na kutamka kwa kinywa: nimeokoka.

Wazee wengi wa makanisa walichukizwa na tamko hilo, na sababu moja imo katika sarufi. Kiambishi -me- chaeleza jambo lililotimia na ambalo hali yake ingali ikidumu. Asemaye nimeokoka hasemi tu kwamba aliwahi kuokolewa. Asema kwamba hivi sasa yumo. Wale wazee waliona majivuno, kwa kuwa walifundishwa kuungoja wokovu mwisho wa safari. Watu wa uamsho waliona shukrani. Mapatano yalikuwa magumu, kwa sababu kila upande uliweka ukamilifu wa tendo mahali pake.

Zabaki kupokelewa na kujiunga, ambayo hutumika zaidi kwa mtu anayetoka dhehebu moja kwenda jingine. Mlutheri anayeingia Kanisa Katoliki kwa kawaida habatizwi tena; hukiri imani na kupokelewa, kwa kuwa ubatizo wake wa kwanza wahesabiwa kuwa halali. Lakini akienda kwa Wabaptisti au kwa Wapentekoste, ataambiwa kwamba maji aliyonyunyiziwa utotoni hayakuwa ubatizo, kwa kuwa hakuwa amesadiki, na atatakiwa kupokea kile kiitwacho ubatizo wa maji mengi. Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, nao huzamisha, na baada ya mafundisho na ahadi washiriki wa kanisa hupiga kura kumkubali mtu. Hapo vitenzi vyote hukutana: mtu huomba kujiunga, hubatizwa, hupokelewa. Lakini anayesikia kwamba ubatizo wake wa utotoni si kitu husikia pia, apende asipende, hukumu juu ya wazazi waliomleta na wasimamizi waliomsimamia.

Kutokana na hayo yafaa mchunguzi wa lugha ajihadhari. Si kweli kwamba sarufi ndiyo iliyozaa mafundisho ya madhehebu. Mafundisho mengi yalifika yakiwa tayari kutoka ng'ambo, na tofauti hizi zilikuwapo kabla ya Kiswahili kuzitamka. Ila Kiswahili, kwa utajiri wa kauli zake, kimezidhihirisha waziwazi. Kutubu na kuungama ni kazi ya mtu mwenyewe. Kubatizwa na kupokelewa ni kazi ya Kanisa juu yake. Kuongoka na kuokoka ni hali ambayo waumini husema yatoka kwa Mungu, ingawa kitenzi hakimtaji.

Mwenye kutunga kamusi, mwenye kutafsiri, na mwenye kukusanya masimulizi ya wazee hana budi basi kuuliza maswali mawili kila alikutapo mojawapo la maneno haya: limetamkwa na mtu wa dhehebu gani, na katika hatua gani ya safari yake? Babu asemaye kwamba alisoma miaka minne na mjukuu asemaye kwamba aliokoka jana jioni wasifikiriwe kuwa wanasimulia jambo moja kwa maneno mawili. Kila mmoja anaonyesha mlango alioingia, na yamkini kila mmoja ana shaka juu ya mlango wa mwenzake.