Kabla ya Garanti, Shusha Mshumaa

Komisionere mmoja wa nyumba, yaani dalali, mjini Goma hapokei mteja mchana. Anayetaka kupanga Keshero, Himbi au Mugunga huambiwa aje alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaanza. Wateja wake wengi wametoka Rutshuru, na mwanzoni hudhani anawachosha bure. Lakini saa hiyo ndiyo ya kuyakuta mazuku.

Wenyeji wa Goma hawahitaji kuelezwa sana. Mazuku ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo usiku kucha hutuama mabondeni. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita mahali ambapo mbuzi ataanguka, au mtoto anayetambaa.

Nilimfuata kwenye parseli moja karibu na ziwa. Hakuutazama mlango wala mabati. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ukuta, pale mawe yalipoacha shimo, akawa anatafuta wadudu, mijusi, ndege aliyekufa bila jeraha. Kisha akawasha mshumaa uliofungwa kwenye ncha ya kijiti kirefu na kuushusha polepole, yeye mwenyewe amesimama wima. Hainami kamwe. Anaeleza kwamba anayeinama kuangalia kwa nini moto umezimika ndiye anayefuata. Na mshumaa unaoendelea kuwaka kwake si cheti, kwa sababu hewa inayotosha kuzima moto tayari inatosha kumwangusha mtu. Mwali ukififia tu, humrudisha mteja nyuma.

Anachokiamini kuliko mshumaa ni wamama wa jirani. Haulizi kama kuna mazuku, maana mpangaji wa karibu na mwenye nyumba atakataa. Huuliza watoto wanakatazwa kucheza wapi. Jibu la swali hilo, anasema, huja haraka na huwa halina woga.

Kilichonisumbua tangu siku ile ni ramani ya mji. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru watu wahame kartiye 10 kati ya 18 za mji, kwa hofu kwamba moto ulikuwa umeingia chini ya mji na ziwa. Majengo, Bujovu, Virunga, Murara na Mapendo zilikuwa kwenye orodha. Keshero na Mugunga, za magharibi, hazikuwamo. Tangu hapo, anasimulia komisionere, wapo wanaomwomba nyumba magharibi tu, mbali na njia ya volkano, kwa sababu wanakumbuka pia mwaka 2002, mawe ya moto yalipokata katikati ya mji hadi ziwani na kuacha watu wapatao 120,000 bila makao. Hawajui kwamba magharibi, kuelekea Sake, ndiko mazuku yanakojulikana zaidi. Anayekimbia moto unaoonekana anakwenda kulala juu ya hewa isiyoonekana, na hakuna karatasi ya mkataba inayomwambia.

Kwa watu wa Rutshuru uchaguzi ni mgumu zaidi. Vita vya waasi wa M23 viliwasukuma kilomita 70 hivi hadi Goma, wengi wakaishia kambi ya Kanyaruchinya, wengine ya Bulengo. Mapema mwaka 2025 M23 iliingia Goma na kambi zikavunjwa. Waliobaki mjini wanatafuta riziki, na kwa mama anayeuza maharage riziki iko Kituku, kule Keshero, boti zinapotia nanga kutoka Idjwi na Minova. Kulala karibu na Kituku ni kuokoa nauli na kuwahi mzigo. Benki zilipofungwa baada ya M23 kuingia, garanti, yaani amana ya nyumba, ikawa ya kutolewa mkononi, na pesa iliyokwisha kutolewa ni vigumu kuirudisha.

Komisionere mwenyewe hulipwa pale tu mkataba unapofungwa. Kila mshumaa unaozimika unamnyima chakula cha siku hiyo, na bado anaushusha. Je, wenzake wanafanya hivyo? Anakaa kimya. Je, sakafu ya sementi huizuia hewa hiyo, au huifungia ndani ya chumba? Hilo pia analiuliza yeye, na angependa wataalamu wa kituo cha volkano waje wamjibu mbele ya wateja wake. Na kwa nini mwenye parseli halazimishwi kusema anachokijua kabla ya kupokea dola?

Swali analoulizwa zaidi ni kama kitanda cha miguu mirefu kinatosha. Huwajibu kwamba mtoto huamka kabla ya mama yake, na hushuka. Wengine huchukua pesa zao na kupanda Ndosho, mbali na ziwa. Wengine hulipa na kuhamia siku hiyohiyo.