Mwongozo wa "kupiga windo": herufi moja ikikosewa, diski nzima inafutika

Wiki chache zilizopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu wa skuli moja ya Mkoa wa Kaskazini Unguja. Kompyuta pekee ya chumba cha walimu ilikuwa nzito, ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado haijawaka. Akaamua kuiwekea mfumo mpya. Alipata mwongozo kwenye simu, akakaa nao hatua kwa hatua. Hatua ya saba ilimwambia abonyeze kitufe cha kuendelea, naye akabonyeza. Hatua ya tisa ndiyo iliyomwambia kwamba, kabla ya hapo, alitakiwa atoe kumbukumbu zake zote na kuziweka kwenye flashi.

Alama za wanafunzi za muhula mzima zikawa zimekwenda.

Mwalimu huyu alidhani amekosea. Sisi tukausoma mwongozo wenyewe, tukaona amefuata kila kilichoandikwa, tena kwa mpangilio ulioandikwa. Kosa lilikuwa la aliyeuandika. Ndiyo maana leo tunaeleza namna mwongozo wa aina hii unavyotakiwa kuandikwa, ili wewe unayeusoma ujue mzuri na mbaya, na wewe fundi unayewatumia wenzako kwenye makundi ya WhatsApp usiwaponze.

Kwa nini jambo hili limekuja sasa

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamsha kompyuta na kuziendesha programu nyingine zote. Mafundi wetu wa mjini wakiuweka upya husema "wanapiga windo", hata kama wanachoweka si Windows.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki, lakini haipati tena marekebisho ya usalama kama zamani. Windows 11 nayo ina masharti ya vifaa ambayo kompyuta nyingi za zamani hazikidhi, na kompyuta nyingi za maskulini na maofisi ya vijijini ni za mtumba. Kwa hivyo watu wengi wanatafuta mifumo ya bure, kama Debian, iliyoanza mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004. Fundi hayupo kila kijiji. Kilichopo ni simu na mwongozo.

Alama zisizoonekana

Ukisoma mwongozo kwenye simu unaona maneno tu. Nyuma ya maneno hayo mna alama ambazo mwandishi ameziweka kuiambia mashine kila kipande ni kitu gani: hiki ni kichwa cha habari, hii ni hatua ya tatu, hii ni amri ya kuandika kama ilivyo, hili ni onyo.

Mwongozo rasmi wa kuweka Debian umeandikwa kwa utaratibu wa alama uitwao DocBook. Humo kuna alama ya kitu anachokiandika msomaji, ya kile kinachotokea kwenye skrini, ya onyo, na ya neno ambalo msomaji anatakiwa kulibadilisha kwa lake. Mwandishi akishaziweka, mashine inaweza kulipa onyo kisanduku chake, amri ikapata mwandiko wake, na programu ya kuwasomea wasioona ikataja kwamba sasa inasoma orodha yenye hatua kumi.

Alama zikikosekana, vyote vinakuwa uji mmoja, na msomaji hajui aandike kipi na asome tu kipi.

Makosa manne yanayoumiza

La kwanza ni onyo kuchelewa. Tahadhari inakaa kabla ya kitendo. Dereva wa daladala hakuambii "shika vizuri" baada ya kupiga breki.

La pili ni neno la mfano kutoonyeshwa kuwa ni mfano. Mwongozo wa Debian una amri hii ya kuhamishia mfumo kwenye flashi:

cp debian.iso /dev/sdX

Ile X si ya kuandikwa. Inasimama badala ya herufi ya flashi yako, ambayo unatakiwa kwanza uitafute. Katika kompyuta nyingi za zamani, sda ni diski ya ndani ya kompyuta yenyewe na sdb ndiyo flashi. Asiyeambiwa hivyo akabahatisha sda, ameandika juu ya diski yake mwenyewe. Tofauti ni herufi moja.

La tatu linatokana na simu zetu. Unapoandika amri kwenye simu, herufi ya kwanza inajigeuza kuwa kubwa. Katika Linux "Sudo" na "sudo" ni vitu viwili, na cha kwanza hakitafanya kazi. Vistari viwili vinaweza kugeuka kimoja kirefu. Na ukituma amri yenye nyota mbili kwenye WhatsApp, nyota zinaweza kupotea, kwa sababu WhatsApp inadhani unataka maneno ya katikati yakolezwe wino.

La nne ni maneno kubadilika njiani. Hatua ya pili inasema "sakinisha", ya nne "weka", ya sita "pakia". Msomaji anadhani ni kazi tatu. Sisi tunajua kupakua ni kutoa chakula chunguni kukitia sahanini, na kupakia ni kutia mzigo kwenye gari. Kwenye kompyuta, kupakua ni kulileta faili kwako kutoka intaneti, na kusakinisha ni kuiweka programu ikae na kufanya kazi. Chagua neno moja kwa kazi moja, ulishike mpaka mwisho.

Wenzetu walishaanza

Kazi ya maneno haya haikuanza leo. Mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zenye Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kabla ya kutafsiri, ilibidi wakubaliane istilahi, yaani neno lipi litasimama badala ya lipi. Microsoft nayo baadaye ilitoa sura ya Kiswahili kwa Windows XP.

Hapa Unguja, ambako Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tunalo Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA. Maneno tunayo. Kinachopungua ni miongozo iliyoyatumia kwa utaratibu.

Tahadhari moja: vitufe vingi kwenye skrini bado ni vya Kiingereza. Ukiandika "bonyeza Futa Diski" wakati skrini inasema "Erase disk", msomaji atatafuta kitufe kisichokuwepo. Liandike neno la kitufe kama linavyoonekana, kisha mara moja eleza maana yake: hiki kinafuta kila kitu kilichomo.

Mfano: kabla na baada

Mwongozo aliotumia mwalimu wetu ulikuwa na sentensi ya namna hii:

"Chomeka flashi washa kompyuta bonyeza F12 chagua flashi halafu endelea mpaka mwisho."

Tukiuandika upya, unakuwa hivi:

TAHADHARI: Kazi hii inaweza kufuta kila kitu kwenye kompyuta. Nakili kwanza kumbukumbu zako kwenye flashi nyingine, uzifungue huko uhakikishe zimo.

1. Zima kompyuta. Chomeka flashi yenye mfumo.
2. Washa, na papo hapo bonyeza F12 mara kadhaa. Kompyuta nyingine hutumia F2, F9, Esc au Del.
3. Itatokea orodha. Chagua jina la flashi yako, bonyeza Enter.
4. Usipoiona orodha, zima, urudie hatua ya 2.

Kila hatua ina kitendo kimoja au viwili, inasema utaona nini, na inasema ufanye nini usipokiona. Mwongozo mwingi unasahau hilo la mwisho, na hapo ndipo watu wanapokwama usiku peke yao.

Kwa anayeandika kwenye WhatsApp

Hata huko alama zipo. Anza mstari kwa 1, nukta na nafasi, utapata orodha ya hatua. Zungushia neno la onyo nyota moja kila upande, litakolea. Amri izungushie alama tatu za ` mbele na tatu nyuma, itabaki na mwandiko wake bila kuguswa. Kila amri iwe na ujumbe wake peke yake, ili msomaji ainakili bila kubeba maneno mengine.

Mwanzoni kabisa taja gharama. Faili la Ubuntu 24.04 ya kompyuta ya mezani lina zaidi ya GB 5, na mtu wa Makunduchi au Nungwi anayenunua bando kwa siku anahitaji kulijua hilo kabla hajaanza, si baada ya bando kukata katikati. Taja pia umeme. Aliyekuwepo Unguja tulipokaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hahitaji kuelezwa: kazi hii isianzwe kama betri ya kompyuta ndogo haijajaa.

Halafu mpe mwongozo wako mtu asiyejua kompyuta, aufuate mbele yako kwenye kompyuta isiyo na kitu cha thamani. Usimsaidie kwa neno hata moja. Pale anapouliza, rekebisha maandishi.

Mwalimu wetu amezikusanya tena baadhi ya alama kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, nyingine ilibidi mitihani irudiwe. Mwongozo tuliouandika upya tumemtumia yeye kwanza ausome. Amerudisha masuali mawili, na yote mawili tumeyafanyia marekebisho.