Bomba Lipite Wapi?

Katika mikutano ya miradi ya maji tumesikia ugomvi mmoja mara nyingi: bomba lipite wapi? Mmoja anataka lipite kwake kwanza, mwingine anasema kila mahali pavutiwe laini yake kutoka kwa tangi. Pesa za harambee zinaisha kabla maji hayajafika mwisho. Kumbe jambo hili lina hesabu yake, na si ngumu.

Inaitwa nadharia ya grafu. Grafu hapa ni nukta na mistari tu: nukta ni mahali, mstari ni njia ya kuunganisha mahali pawili. Mwaka 1926 mwanahesabu Otakar Borůvka wa Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, alitoa jibu la swali aliloulizwa na rafiki yake wa kampuni ya umeme: waya zipite wapi ili miji yote ipate stima kwa gharama ndogo? Mwaka 1956 Joseph Kruskal wa Marekani alieleza njia ambayo hata mtoto wa gredi ya sita anaweza kuifuata kwa maharagwe na uzi.

Tuseme tuna tangi, shule, dispensari, soko na kanisa. Kwanza pimeni umbali wote. Shule hadi dispensari ni mita 100, soko hadi kanisa 150, shule hadi soko 200, dispensari hadi soko 270, tangi hadi shule 300. Njia zingine zote zinapita 300.

Sasa anzeni na ile fupi kuliko zote, ichoreni. Halafu inayoifuata, na inayofuata tena. Mkifika kwa ile ya 270, iacheni: dispensari na soko tayari zimeungana kupitia shule, mtakuwa mnanunua bomba la kuzunguka tu. Chukueni ya 300, na hapo wote wameungana. Jumla ni mita 750. Kama kila mahali pangevutiwa laini yake kutoka kwa tangi (shule 300, dispensari 350, soko 450, kanisa 500), mngenunua mita 1,600!

Lakini msikimbie dukani bado. Bomba la kutoka tangi hadi shule linabeba maji ya wote, kwa hivyo litakuwa nene, na bei yake si ya bomba jembamba. Tena mita 100 za mwamba zinaweza kushinda mita 200 za udongo laini kwa gharama. Hapo andikeni shilingi badala ya mita. Kanuni ni ile ile. Mambo ya miinuko mwulizeni fundi.

Kuna hasara pia. Bomba likipasuka kati ya shule na dispensari, dispensari inakauka. Ile njia ya 270 tuliyoiacha ndiyo ingeiokoa. Sisi tungesema, pale kina mama wanapojifungulia, njia ya pili si anasa. Ichangiwe pesa zikipatikana.

Mchoro huu ufanyeni chini, mchangani, mbele ya wanachama wote, siyo ndani ya kamati. Atakayedai bomba lipite kwake kwanza, aonyeshwe ni mita ngapi anaongeza.