Usitupe Sarafu za Babu

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wetu mmoja alikuja darasani na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Zilikuwa za marehemu babu yake: shilingi za Tanzania, senti za Kenya, na chache za kikoloni zenye tundu katikati. Baba yake alikuwa amezipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa sarafu hapa mjini. Yule bwana alizimwaga mezani, akazipangua kwa kidole, akasema hamna fedha humo, ni vyuma tu. Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, sasa nizitupe?"

Hapana. Ila jibu la yule bwana lina sababu yake, na ni vizuri uielewe.

Wakusanyaji wengi hutenga sarafu mafungu mawili: za dhahabu na fedha, ambazo hata zikiyeyushwa zina bei, na za shaba, nikeli au chuma, ambazo thamani yake ni ile iliyoandikwa juu yake. Mfano tunao hapa hapa Australia. Senti 50 ya mwaka 1966 ni ya duara, na asilimia 80 yake ni fedha. Bei ya fedha ilipopanda, madini yaliyomo yakazidi thamani ya senti 50 zenyewe. Mwaka 1969 ikatolewa ya shaba na nikeli yenye pembe 12, ndiyo hiyo unayorudishiwa chenji mpaka leo. Ile ya duara watu wanaificha, hii wanaitumia. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa vivyo hivyo: shilingi ya mkoloni yenye simba ilianza mwaka 1921 ikiwa na robo ya fedha, na kufikia 1948 ikawa shaba na nikeli.

Za siku hizi zimeshuka zaidi. Chukua sumaku, isogeze kwenye shilingi 500 ya Tanzania ya mwaka 2014, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Sumaku itaivuta, maana ndani ni chuma kilichopakwa nikeli.

Lakini hebu isikilize lugha yako. "Fedha" ni madini, na ni hiyo hiyo unayonunulia mkate. Hapo wazee wetu walikubaliana na yule mfanyabiashara. Tuna maneno mengine mawili, hata hivyo. "Pesa" limetoka India, kwenye sarafu ndogo ya shaba iitwayo paisa; Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa za kwake mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zenye picha ya mizani. "Hela" ni heller ya Wajerumani, nayo ya shaba. Majina ya sarafu za watu wa kawaida ndiyo yaliyobaki mdomoni. Shangazi yako wa Nairobi anatumia M-Pesa. Sijasikia mtu akiomba atumiwe M-Fedha.

Na kuna shaba moja inayotuhusu sisi kabisa. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, mwanajeshi wa kikosi cha anga aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za masultani wa Kilwa, katika Tanzania ya leo. Alizihifadhi zaidi ya miaka 30 kabla ya kuzipeleka zichunguzwe, na baadaye zikaingia katika makumbusho ya Powerhouse, hapa Sydney. Sarafu za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Zilivukaje bahari yote ile? Wataalamu bado wanabishana. Ukizipima kwa uzito wa shaba hupati hata nauli ya treni.

Basi turudi kwenye kopo. Angalia mwaka, angalia sura, soma maneno. Shilingi ya Tanzania ya 1966 ina Mwalimu Nyerere na maandishi RAIS WA KWANZA, wakati huyo wa pili hajaonekana! Senti ishirini ina mbuni, senti hamsini ina sungura, na tarakimu zimeandikwa kwa maneno ya Kiswahili, ambayo wadogo wetu wa darasa la kwanza wanaweza kuyasoma.

Wazazi, tafadhali msizisugue kwa ndimu wala majivu. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza rangi yake ya uzee, na mkusanyaji huigundua mara moja. Ifungeni kwenye karatasi kavu, na juu yake mwandike ilikuwa ya nani na aliitoa wapi.

Mwenye kopo amekubali kurudi nalo Jumamosi ijayo. Kila mmoja alete sarafu moja kutoka nyumbani, sumaku ninayo.