Vijidudu Hai Vinapofanywa Kuwa Dawa

Mtoto mchanga wa Mocímboa da Praia, mji wa bandari katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, akifikishwa kwa mganga hupewa matone mawili kinywani ya kumkinga na ugonjwa wa kupooza, yaani polio, na sindano ndogo ya ngozini ya kumkinga na kifua kikuu. Wazazi wengi, wa huko na wa upande huu wa mto Ruvuma, hudhani kuwa hizo ni dawa kama dawa nyingine, zilizotengenezwa kwa kemikali za kuua vijidudu. Sivyo. Ndani ya matone yale mna virusi vya polio vilivyo hai, na ndani ya sindano ile mna bakteria hai, ndugu wa karibu wa wale waletao kifua kikuu. Mzazi anayeyasikia haya kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka, na ana haki ya kuelezwa.

Askari atafahamu upesi. Kuruta hapelekwi vitani kabla ya kufundishwa kulenga shabaha. Kijidudu kilichodhoofishwa ndicho shabaha: mwili hukitambua, hukishinda, na hukumbuka sura yake siku adui wa kweli atakapofika.

Kukidhoofisha ndiko kulikokuwa kazi. Mwaka 1908, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, wataalamu wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, wakawaotesha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila baada ya majuma machache waliwahamishia kwenye viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa muda wa miaka 13, hata Lille ilipokuwa mikononi mwa majeshi ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwishowe bakteria hao hawakuweza tena kumwuguza mnyama yeyote. Mwaka 1921, mjini Paris, walipewa mtoto mchanga ambaye mama yake alikwisha kufa kwa kifua kikuu, na bibi aliyetakiwa kumlea alikuwa na ugonjwa huo huo. Mtoto yule alisalimika. Matone ya polio yalikuja baadaye, kwa kazi ya Dakta Albert Sabin wa Marekani, nayo yalithibitishwa kwa mamilioni ya watoto wa Urusi ya Kisovieti mnamo 1959.

Hofu nayo ina historia yake. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto zaidi ya 70 walikufa baada ya kupewa chanjo ya kifua kikuu. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika maabara ya mji huo chanjo ilikuwa imechanganyika na bakteria wakali. Kosa lilikuwa la mikono ya watu, si la chanjo. Lakini mama aliyefiwa na mwanawe hupata faraja ndogo sana katika maelezo ya namna hiyo.

Huko Mocímboa da Praia, tatizo la miaka ya karibuni limekuwa kufika kwa chanjo yenyewe. Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi walivishambulia vituo vya polisi vya mji huo. Mwezi Agosti 2020 waliuteka mji mzima, wakaushikilia mwaka mmoja, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Wakazi walitawanyika, wengine wakafika Pemba, wengine Mueda. Chanjo hai hutaka ubaridi tangu bohari mpaka kinywani mwa mtoto, na pasipo umeme, barabara wala mganga, ubaridi huo haupo.

Ugonjwa haungoji vita viishe. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi asilia vya polio. Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto aliyepooza mjini Lilongwe, kwa virusi vya nasaba ya Pakistan, na mwezi Mei Msumbiji ikamgundua mwingine katika jimbo la Tete. Nchi tano, Tanzania ikiwamo, ziliwachanja watoto wao kwa pamoja. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha Mei 2024.

Virusi hai vya matone vina faida na kasoro iliyo pacha wake. Mtoto aliyepewa huvitoa kwa choo, na jirani zake wanaovipata nao hukingika bila kujua. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo huweza kuzunguka kwa miezi mingi hata vikarudia ukali wao. Ndivyo ilivyotokea mkoani Rukwa mwaka 2023. Dawa yake ni kuchanja watoto wengi zaidi, si kuacha. Na tangu 2021 pametumika matone ya aina mpya ambayo virusi vyake havirudii ukali kwa urahisi.

Uvumi huua pia. Tarehe 7 Aprili 2024, katika pwani ya Nampula, chombo kilichojaza watu kupita kiasi kilizama, wakafa zaidi ya watu 90, wengi wao watoto. Wakuu wa jimbo walieleza kwamba watu hao walikuwa wakikimbia kwa habari za uongo juu ya kipindupindu.

Bakteria wa Calmette na Guérin hutibu pia. Tangu 1976 hutiwa ndani ya kibofu cha mkojo cha wagonjwa wa saratani ya juu juu, na huamsha mwili uishambulie. Saratani iletwayo na kichocho, ambacho kimeenea sana kaskazini ya Msumbiji, aghalabu ni ya aina nyingine isiyofuata tiba hiyo.

Kwa familia zinazovuka Ruvuma, yafaa kujua kwamba ratiba za nchi mbili hazilingani. Tanzania hutoa matone mtoto anapozaliwa, kisha juma la 6, la 10 na la 14. Msumbiji hutoa anapozaliwa, kisha miezi 2, 3 na 4. Mtoto aliyekatiza haanzi upya, bali huendelea pale alipoachia, hivyo kadi ya Kireno isitupwe. Kidonda kidogo cha sindano ya kifua kikuu hutokea baada ya majuma machache na huacha kovu. Kisipakwe majani wala dawa yoyote. Mama ambaye yeye au mtoto wake ana virusi vya UKIMWI amweleze mganga kwanza, kwa kuwa chanjo hai yaweza kumdhuru mtoto mwenye kinga dhaifu. Na juu ya kichupa cha matone pana alama ya mraba ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima, ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, joto limekwisha kuiua, nayo hutupwa.